Waya Kati ya Kenchi na Jukwaa

Ruaruke,
4 Machi 2025

Kaka yangu Nassibu,

Assalaam alaykum. Mfungo umetukuta wazima wa viungo. Mama kifua kimempungua, jana amefuturu uji wa mchele akamaliza bakuli. Mbuzi wako mweupe amezaa mapacha. Johari ameng'oka jino la mbele, na kila anayepita uani lazima aonyeshwe pengo. Anauliza mjomba yuko wapi. Namwambia yuko kazini delta, maana ndivyo nilivyosikia kwa watu. Wewe hukuniaga.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu yangu ameichukua mama mkwe. Tangu siku ya msiba hajarudi kwake Mbwara, yuko hapa hapa ananilinda. Anasema mjane aliye edani hana wa kuongea naye kwenye simu. Na huko uliko najua mtandao ni wa kutafutwa kwa kupanda mti. Barua hii ataitoa Semeni, jirani yangu, chini ya khanga, na Hemedy wa boti atakufikishia.

Sasa sikiliza. Huku wanasema mume wangu alipanda msikitini na janaba.

Wamelipikaje hilo? Wanasema mlikuwa wawili juu ya jukwaa la mabomba, wewe na Swalehe, mnachomelea kenchi za paa la msikiti mpya. Wote pekupeku, kwa kuwa kamati ilikataza kiatu ndani, hata cha fundi. Jukwaa moja, mashine moja, saa ile ile. Swalehe akafa, wewe ukashuka bila mkwaruzo. Basi wakajiuliza kilichowatofautisha, wakakipata chumbani kwangu. Eti aliondoka kwangu hakuoga, na nyumba ya Mungu ikamkataa. Wewe wamekufanya walii. Kuna mzee anasema ungefaa kuadhini.

Kaka, nacheka ili nisipige ukelele. Mama mkwe kaniambia usoni kwamba eda ikiisha tarehe 14 Juni anaondoka na Johari. Mjukuu wake hatalelewa na mwanamke asiyejua twahara. Nilimzaa Johari baada ya kuharibikiwa na mimba tatu. Unajua, maana ni wewe uliyenibeba kwa baiskeli hadi zahanati.

Ulikuwepo pale juu. Nataka kitu kimoja tu: njoo, au andika barua isomwe baada ya sala ya Ijumaa, useme ni nini kilichomuua mume wangu. Hata maneno matano yatatosha.

Mdogo wako,
Muzdalifa


Mbuchi,
22 Machi 2025

Mdogo wangu Muzdalifa,

Wa alaykum salaam. Barua yako imefika imelowa kona moja, lakini nimeisoma yote. Namshukuru Mungu kwa afya ya Mama. Wale mapacha wa mbuzi wasikamuliwe mama yao mpaka wapate nguvu. Mwambie Johari jino alitupe juu ya paa, litaota jingine.

Mimi ni mzima. Huku mvua zimeanza na tope linafika magotini. Tunajenga mnara wa tangi la maji. Mbu ni wengi, samaki pia ni wengi, basi tunalana. Siku hizi nakata na kupinda vyuma tu, kuchomelea anachomelea mwenzangu.

Kuhusu lile jambo, mdogo wangu, ajali ni ajali. Polisi walikuja, wakapanda, wakaangalia, wakaandika ajali. Mimi nitaongeza nini? Maneno ya watu ni moshi wa kuni mbichi, yanawasha macho kisha yanapita. Ukiyajibu unayapepea. Na mama mkwe wako ana uchungu wa mwana, ukimpa muda atalegea. Wewe kaa na eda yako kwa subira, Mungu yuko pamoja na wanaosubiri.

Kuja kwa sasa siwezi. Kazi haijaisha na msimamizi ni mkali.

Kaka yako,
Nassibu


Ruaruke,
3 Aprili 2025

Kaka Nassibu,

Salamu na Idi njema iliyopita. Mama anakusalimu, ananiuliza mbona huandiki habari za kula kwako. Johari jino alilitupa, likatua kwenye ndoo ya Semeni.

Siku ya Idi, miaka yote, nyumba hii inapokea sahani mpaka tunakosa pa kuziweka. Safari hii zilikuja mbili, ya Mama na ya Semeni. Wanawake waliokuja kumsalimia mama mkwe walikaa barazani. Hakuna aliyeingia chumbani kunipa mkono. Mmoja alimvuta mwanawe nguo asije akanigusa. Kaka, nilikaa juu ya mkeka wangu, nikasikia wanakula, nikatamani ardhi inimeze nipumzike.

Wewe unaniambia subira. Subira ya tarehe 14 Juni haipo. Kila siku inayopita inamsogeza mwanangu mlangoni, na bibi yake ameshamshonea gauni la kwendea Mbwara.

Tena umeandika neno nikalirudia mara nne. Eti huchomelei. Wewe? Wewe ambaye tangu nikiwa mdogo nakuletea chai umejifunika ile kofia ya chuma usoni, ambaye mafundi wa Ikwiriri walikuwa wanakuja kukuangalia mkono? Leo unapinda nondo kama kibarua wa juzi? Nani amekukataza?

Nakuuliza swali moja, na ulijibu: kwa nini yeye na si wewe? Sitaki mambo ya Mungu kapanga, hayo nayajua. Nataka ya fundi.

Muzdalifa


Mbuchi,
26 Aprili 2025

Mdogo wangu,

Nimechelewa, maji yalijaa na boti hazikutoka siku tisa. Natumaini Mama hajambo na mapacha wanarukaruka. Nimempa Hemedy mfuko wa kamba wakavu, waungwe waliwe na wali, mtoto apate mboga.

Umeuliza ya fundi. Umeme haujui janaba wala haumjui sheikh. Kazi yake ni kutafuta njia ya kurudi kwenye mashine ulikotoka, na njia iliyo karibu ndiyo unayoipita. Mimi nilikuwa na glavu na nimesimama juu ya ubao. Mwenzangu mkono ulikuwa mtupu. Glavu zilikuwa jozi moja. Ndivyo ilivyokuwa.

Lakini haya nikiyaandika yakasomwa msikitini, nani atayaelewa? Watauliza moja litazaa kumi. Watataka kujua nani kafunga nini wapi. Wenye mradi watasikia, na polisi watafungua tena faili. Nina watoto wanne, Muzdalifa.

Na mimi nikuulize, usinikasirikie, mimi ni kaka yako. Asubuhi ile, alioga?

Nassibu


Ruaruke,
12 Mei 2025

Nassibu,

Mama hajambo. Kamba wako nimempa paka wa Semeni.

Nililia siku mbili kwa swali lako. Nilidhani wa kuniuliza hilo watakuwa wote duniani isipokuwa wewe. Mambo ya chumbani mke haandiki kwa kaka yake, lakini umenivua nguo, basi tazama. Usiku ule tuligombana. Nilimwambia asiende tena kwenye ile kazi, kwa kuwa jioni alirudi anajisugua mikono, anasema kuna wadudu wanamtambaa akishika chuma. Akasema, "Shemeji ni fundi, anajua." Nikamwambia shemeji yake anajua sifa. Akakasirika, akachukua mkeka akalala sebuleni. Asubuhi aliondoka hatujasemezana. Hakukuwa na janaba ya kuoga, Nassibu. Na bado alioga, kwa maji niliyompashia mimi, nikamwekea uani bila kumwita. Hilo ndilo la mwisho nililomfanyia, na sikumwita. Nimelificha miezi mitatu kwa aibu ya ule ugomvi. Sasa wewe toa lako.

Maana nimeshalinusa. Kamati imeleta fundi mwingine kutoka Ikwiriri amalizie paa, anaitwa Mustapha. Semeni anawapikia. Siku ya kwanza Mustapha amekataa kupanda. Akazunguka jukwaa akilipapasa, akaomba ruhusa ya kuvaa ndala mpya za mpira ambazo hazijakanyaga nje, kamati ikakubali. Mbona wewe hukuomba? Kisha akatoa waya mnene, akafunga ncha moja kwenye kenchi na nyingine kwenye jukwaa. Semeni, unamjua asivyopitwa, akamuuliza ule wa nini. Akamjibu, nakuandikia alivyonisimulia:

"Mama, hiki chuma cha juu na hiki tunachokikanyaga sharti viwe kitu kimoja. Hili jukwaa mmelikalisha juu ya mbao lisivunje taili, kwa hiyo limening'inia tu, halina pa kupeleka umeme. Mie kibanio cha kurudishia nakibana kwenye kenchi yenyewe ninayoichomelea, halafu na jukwaa nalifunga na kenchi. Usipofanya hivyo, mtu akisimama huku akashika kule, yeye ndo anakuwa waya."

Semeni akamuuliza waliotangulia walifanyaje. Mustapha akamwonyesha mguu wa jukwaa, kuna alama ya kuungua ya meno ya kibanio. Akasema, "Walibana hapa."

Kwa hiyo ulibana kwenye jukwaa. Mustapha anasema hata hivyo mtu anaweza kupona kama pana waya wa kuliunganisha na kenchi. Swali langu la mwisho ni hilo. Wako ulikuwepo?

Muzdalifa


Mbuchi,
20 Mei 2025

Mdogo wangu,

Barua nimeipata. Mvua ni kubwa na mkono unaniuma, siwezi kuandika mengi. Msalimie Mama. Nitajibu.

N.


Ruaruke,
8 Juni 2025

Kaka,

Salamu, na Idi hii pia imepita. Mama amerudiwa na kifua. Mbuzi dume tumemchinja.

Siku kumi na tisa nimesubiri hilo "nitajibu". Zimebaki sita. Mama mkwe amekunja nguo za Johari kwenye mfuko wa salfeti, ameuweka nyuma ya mlango, na mtoto anautoa na kuurudisha akidhani ni safari ya kutembea. Ananiuliza nitavaa nini mimi.

Nimejaribu kusema mwenyewe. Nimemweleza mama mkwe yote ya Mustapha. Amenijibu kwamba mwanamke aliyeshikwa na hatia hakosi shahidi wa kuokota njiani, na kwamba aliyekuwa juu ni mmoja tu na mbona hajasema. Kweli hujasema.

Nassibu, sijui nikuombe kwa nini tena. Nimekuomba kwa damu, nimekuomba kwa Mama. Nakuomba sasa kwa woga wako wenyewe: unaogopa kufungwa, na mimi nimefungwa miezi minne humu ndani kwa kosa lisilo langu. Wakimchukua huyu mtoto, sitakuwa na sababu ya kuamka asubuhi. Nakuambia wazi usije ukasema hukujua.

Muzdalifa


Mbuchi,
10 Juni 2025

Kwa Muzdalifa, na kwa Bi Mwanahalima mama yake Swalehe, na kwa kila atakayesomewa,

Salamu sina uso wa kuzitoa.

Waya wa kurudishia umeme ulikuwa mfupi, haukufika kwenye kenchi. Nikaubana kwenye mguu wa jukwaa, na jukwaa nikaliunganisha na kenchi kwa kipande cha waya. Si kazi nzuri, ila kwa siku tatu tulichomelea hivyo. Siku moja kabla ya ajali Swalehe aliniambia anahisi kutambaliwa. Kipande kilikuwa kimelegea. Nilikikaza, nikamcheka, nikamwambia ana ngozi ya bi harusi.

Alhamisi ile, tarehe 6 Februari, baada ya chai tulisogeza jukwaa kwenda kenchi ya nne. Nilikifungua kile kipande nikakitia mfukoni. Swalehe akasema anakwenda kutawadha kabisa, adhuhuri imekaribia na hataki kupanda na kushuka mara mbili. Alikwenda birikani, mimi nilimwona. Akarudi na udhu wake, maji yanamchuruzika viwikoni na miguuni, akapanda hivyo hivyo.

Akaniuliza, "Shemeji, umeunganisha?"

Nikasema, "Nimeunganisha. Shika hapo."

Waya ulikuwa mfukoni mwangu. Nilitaka tumalize kenchi ile kabla ya adhana. Niliona bomba moja la jukwaa limeegemea kenchi, nikadhani litatosha. Kumbe lilikuwa na rangi, halikugusana chuma kwa chuma.

Akashika kenchi kwa mikono miwili, miguu juu ya bomba la jukwaa. Nikagusisha kijiti cha kuchomelea, moto haukuwaka. Nikadhani kimeingia unyevu. Nikagusisha tena nikakikandamiza. Sikumtazama, nilikuwa nimefunika uso. Nilihisi jukwaa linatikisika nikamwambia, "Acha kutetemeka, shika vizuri." Nikakandamiza mara ya tatu. Ndipo akaanguka.

Moto haukuwaka kwa sababu umeme haukuwa na pa kupita ila yeye. Nilipaswa kujua. Kila fundi anajua.

Kabla sijashuka, na kabla watu hawajafika, nilitoa kile kipande mfukoni, nikakifunga mahali pake. Polisi walipopanda walikiona. Ndiyo maana wakaandika ajali. Kisha nikasikia watu wanasema janaba, na Mungu anisamehe, nilishukuru. Nikaona maneno yao yamenifunika. Sikufikiria yamekufunika nani.

Swalehe alikufa na udhu wake. Janaba iko kwangu.

Nassibu


Mbwara,
23 Juni 2025

Kaka Nassibu,

Assalaam alaykum. Mama bado anakohoa. Sikumsomea barua yako yote, mengine nilimwambia kwa mdomo, pole pole.

Tarehe 14 nilitoka eda. Mjane akitoka, wanawake hujaa uani, wakamwogesha na kumvisha. Walikuja Mama na Semeni. Kesho yake Johari akaondoka na mfuko wake. Alinipungia mkono vizuri tu, mpaka pikipiki ilipokata kona akaelewa kwamba mimi siji. Nilimsikia anavyolia kutoka kwetu hadi barabara kubwa.

Barua yako ilifika tarehe 19. Injini ya Hemedy iliharibika, boti ikalala mikokoni siku sita. Ingetoka siku ile ile uliyoandika, mtoto asingeondoka. Au ungeandika Machi.

Nilikwenda Mbwara siku hiyo hiyo. Nilimkuta mama mkwe uani anapepeta mchele. Johari alinirukia, bibi yake akamshika mkono akamrudisha. Nikasema, "Mama, sikuja kumchukua. Nimekuja kukusomea." Yeye kusoma hajui. Nikasimama pale pale juani, hakunikaribisha kukaa, nikasoma toka mwanzo. Ungo ulikuwa mikononi mwake hautikisiki. Nilipofika "alikwenda birikani", akainua mkono.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Alitawadha?"

"Alitawadha, Mama. Nassibu alimwona."

"Rudia tena."

Nikarudia mara ya tatu. Mchele ukamwagika wote, akakaa chini kwenye vumbi, mwanamke yule ambaye sijapata kumwona akikaa bila mkeka. Akasema, "Mwanangu kafa msafi. Na mie nimemlilia miezi minne kama mchafu. Hata dua nilikuwa naomba kwa aibu." Kumbe kaka, chuki yote ile ilikuwa hofu. Alikuwa anaogopa mwanawe amekwenda mbele ya Mungu na najisi, akatafuta wa kumlaumu asije akamlaumu marehemu. Alilia akaniita mwanangu. Johari hakuna aliyemtoa wala aliyempokea, alijikalia mwenyewe katikati yetu akaanza kuokota mchele.

Nililazimika kumaliza kusoma. Hata pale uliposema asitetemeke, nilipasoma.

Ijumaa katibu wa msikiti aliisoma mbele ya watu. Mustapha naye aliitwa, akaeleza kuhusu waya, akawaonyesha. Wanawake wameanza kuja. Wanakuja na sahani, hata hawajui wanisemeshe nini. Napokea. Siku moja nitawajibu, leo sina nguvu.

Sasa letu mimi na wewe. Mama mkwe anasema atakusamehe, kwa kuwa umemrudishia mwanawe. Mimi umenirudishia binti, na kwa hilo nasema asante. Mume wangu alikuuliza ukamjibu. Hilo sijui nitaliweka wapi. Nimejaribu kusema nimekusamehe nikiwa peke yangu, nione linavyosikika, halikutoka.

Barua yako niliipeleka kituo cha polisi Kibiti jana, mimi mwenyewe, hakuna aliyenituma. Walinipa siku hadi Jumamosi, nikawaambia utakuja kwa miguu yako. Njoo Ijumaa. Usipitie kwa Mama, njoo moja kwa moja kwangu Ruaruke, tutakuwa tumesharudi. Nitakupashia maji, utaoga, nitakupikia wali na utakula mpaka ushibe, maana najua umekonda. Jumamosi asubuhi nitakusindikiza hadi mlango wa kituo, nitabaki nje mpaka waniambie niondoke. Watoto wako wanne wataletwa kwangu, nimeshamwambia mkeo.

Mdogo wako,
Muzdalifa